Maharagwe ya Ghala la Kikundi

Mate yalimtoka Nyawira bila kukoma. Kila mama yake, Watiri, alipoyafuta kwa leso, mengine yalikuwa tayari yamefika kidevuni. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa kama vichwa vya pini.

Nesi wa zahanati aliuliza mgonjwa alikula nini. Githeri ya mahindi na maharagwe. Maharagwe ya wapi? Ya ghala la kikundi. Nesi akaandika kwenye kadi kwamba ni sumu ya dawa ya wadudu, akasema afikishwe Nyeri mjini haraka kabla kifua hakijabana. Ambulensi haikuwa na mafuta.

Zamani, nyumbani, Watiri alikuwa akihifadhi maharagwe kwenye debe, yamechanganywa na jivu, maua ya pareto yaliyosagwa, na majani makavu ya mubangi, yale magugu ya kando ya shamba ambayo hata ng'ombe huyapita kwa harufu. Miaka arobaini, hakuna aliyeumwa tumbo. Wakiyachambua, humtegea Nyawira kitendawili: anakula nyumba yake akiwa ndani. "Fukusi," Nyawira hujibu kabla hajamaliza, na wote wawili hucheka.

Lakini mwaka jana Gatimu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alitoa amri. Gunia lenye majani halipokelewi ghalani, ati linanuka zizi. Kila mtu anunue dawa ya unga dukani kwake. Gatimu aliipima kwa kijiko, akaifunga kwenye gazeti, bila jina. Watiri alisimama mkutanoni akauliza ni dawa ya nini hasa. Mwenyekiti akauliza kama cucu, bibi mzee huyu, anataka kufungua chuo kikuu, na watu wakacheka mpaka akaketi. Akainunua, akaichanganya na maharagwe yake kama wengine. Na Jumamosi Nyawira alileta fungu lao la maharagwe kutoka ghalani, akayapeta tu, akayaosha mara moja, akabandika sufuria.

Sasa Gatimu aliingia zahanati ameshika karatasi. Pikapu yake ilinguruma nje.

"Pole sana, Mama Nyawira. Gari iko. Tunaenda sasa hivi."

"Mungu akubariki, Chairman."

"Kuna kitu kidogo tu." Akaikunjua karatasi ukutani. "Nesi ameandika maneno hajui. Hii karatasi yangu inasema maharagwe ilikuwa yako ya nyumbani, na uliweka majani yako. Weka kidole."

"Lakini ilitoka ghalani."

"Mimi naelewa. Serikali haielewi. Wakifunga ghala, kikundi nzima italala njaa, na watauliza ni nani alileta shida."

Nyawira alivuta pumzi, ikakwama, ikarudi na sauti ya maji.

"Soma tena," Watiri alisema.

"Cucu, huyu msichana hana saa ya kusomewa."

Gatimu akatoa wino. Watiri alibonyeza kidole humo, kisha kwenye karatasi. Gatimu aliipuliza ikauke kabla ya kuikunja.

Wakamlaza Nyawira nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya maharagwe ya ghala, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Watiri alipanda naye. Gari lilipoanza kuruka mashimo, unga mweupe wa dawa ulitoka kwenye matundu ya gunia. Akakiinua kichwa cha binti yake, akakiweka mapajani, akamfunika pua kwa leso.

Walipofika kituo cha Skuta, gari likaacha barabara. Watiri aligonga kioo. Gatimu alifungua dirisha kidogo tu.

"Ni njia moja, Mama. Tunashukisha hii maharagwe ya shule, dakika tano. Wanangoja kupika."

"Chairman, hii maharagwe—"

"Ukianza maneno, tutakaa hapa mpaka jioni."

Watiri alimtazama Nyawira. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akaondoa mkono kwenye kioo.

Moshi wa jiko la shule ulikuwa tayari unapanda. Wapishi wawili walikuja mbio wakitabasamu, wakamsalimia kwa heshima, wakamwomba amsogeze mgonjwa kidogo. Akamsogeza. Wakavuta gunia kutoka chini ya miguu ya Nyawira.