Mheshimiwa Amekalia Kiti cha Wateja

Asubuhi ile Mheshimiwa hakuja kwenye kioo cha tangi lake. Ndiye samaki mwekundu wa saluni ya shangazi yangu. Wateja walimpa jina hilo kwa kitambi chake, na kwa jinsi anavyogeuka polepole kama anayesubiri kufunguliwa mlango. Siku zote nikiwasha taa huja mbio. Sasa alikuwa amelala chini kabisa ndani ya tangi, mapezi ameyabana, mara anainuka kujisugua ubavu kwenye kokoto. Mkiani ana utando mweupe kama pamba.

"Kammwage chooni," shangazi alisema huku akichomeka pasi ya nywele. "Wateja wasije wakaona maiti."

"Anapumua, shangazi."

"We mtoto, hapa ni saluni au zahanati?"

Nilimpigia simu aliyetuuzia. Akaniuliza samaki anakula nini. Nikachungulia kwenye kokoto: biskuti zimeoza hadi zimekuwa tope. Kumbe kila aliyengoja zamu yake alikuwa akimkarimu.

Nikatafuta ndoo ambayo haijawahi kuonja shampuu, nikatia maji yaliyolala tangu jana na chumvi kidogo, kama nilivyoelekezwa, kisha nikamhamishia humo. Niiweke wapi sasa? Sakafuni itapigwa teke, mezani atapuliziwa dawa za nywele. Nikaiweka kwenye kiti cha dirishani.

"Hicho kiti cha wateja!"

"Naye ni mteja. Amekuja kutengenezwa mkia."

Wanawake waliokwisha kufika waliangua kicheko. Shangazi hakucheka. "Jioni mmoja wenu atoke humu. Yeye au wewe."

"Tutatoka wote," nikasema, nikaendelea kusuka.

Jioni nikasimama mlangoni, mkoba begani, ndoo mkononi. Shangazi alinitazama weee, akavuta pumzi. "Rudisha ndoo, kichwa ngumu wewe."

Kila siku nilimpunguzia maji na kumwongezea mengine. Utando ukabanduka kidogo kidogo, mapezi yakafunguka. Mkia ulibaki na pengo. Tangi nililisugua bila sabuni, nikamrudisha.

Siku hiyohiyo akaingia Mama Pacha, mteja wetu wa tangu zamani, biskuti mkononi, akainamia tangi. "Karibu nyumbani, mume wangu!"

Nikamshika mkono. "Hapana, mama."

"Kamoja tu, jamani! Hujaona alivyokonda?"

"Biskuti ndizo zilizomlaza. Anayemlisha ni mimi."

"Hee! Shangazi yako anakusikia?"

Shangazi alisimama na kitana hewani. Nikaitoa ile biskuti kwenye vidole vya Mama Pacha, nikaila mimi, yote, nikimtazama.