Rota ya Pijo

Siku hizi nikipita palipokuwa na gereji ya Kyule naangalia upande wa pili wa barabara. Naona haya, na haya hizo nilijitakia mwenyewe.

Nina Pijo 504 ya mwaka wa sabini na nane. Mtaa mzima wa Komarock unaijua. Kila nikiiegesha nang'oa rota, kile kidude cha plastiki kinachozunguka ndani ya distribyuta, maana bila hicho mwizi atapiga stata mpaka achoke. Naificha jikoni, kwenye mkebe wa majani ya chai. Mbali na watu wa nyumbani kwangu, aliyejua ni Kyule peke yake, fundi wangu wa miaka tisa.

Jumatatu asubuhi nikafungua mkebe: majani matupu. Nikamwaga yote mezani. Hamna! Na Kyule alikuwa amekunywa chai kwetu Jumapili jioni. Sikungoja hata kuvaa viatu. Nilishuka na malapa hadi gereji, nikamkuta amelala chini ya gari la mwalimu Jacklyne.

"Toka huko, mwizi wewe! Rota yangu umeiuza wapi?"

"Mzee Wanyoike, mimi?"

"Wewe! Kuna nani mwingine?"

Watu walijaa. Kyule aliapa kwa jina la Mungu, nami nikamwambia Mungu si shahidi wa wezi. Jacklyne akasema atatafuta fundi mwingine, gari lake likasukumwa likaondolewa. Kufikia jioni gereji ilikuwa tupu. Nami, sitaficha, niliona raha.

Jumatano mke wangu Nyawira alichukua koti langu la kanisani akalifue. Akaja sebuleni, rota kiganjani.

"Baba Wachira, hii si ndiyo ile?"

Nikakumbuka. Jumapili tulirudi kutoka kanisani na wageni, jikoni kumejaa akina mama, nikaitia mfukoni ili nisipite katikati yao. Nikasahau kabisa.

"Sasa nenda ukamwambie," Nyawira akasema. "Mbele ya wale wale waliosikia ukimtukana."

"Naenda."

Nikatia rota mfukoni mwa suruali, nikatafuta viatu, polepole sana. Kabla sijafunga kamba, geti likagongwa. Alikuwa Kyule, na nyuma yake majirani waliokuja kuona sinema. Mkononi alishika rota, kuukuu lakini imesafishwa vizuri.

"Mzee, yako sikuchukua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini nimezunguka maduka ya spea siku mbili, nimepata hii. Nataka tu wateja wangu warudi. Nina watoto."

Akafungua boneti, akaiweka, akapiga stata. Pijo ikawaka hapo hapo.

"Si tulisema!" jirani mmoja akapiga kelele. "Ameirudisha!" Wakacheka, wengine wakapiga makofi.

Kyule alinigeukia. Aliniangalia mimi, akangoja. Rota yangu nilikuwa nimeifumbata mfukoni mpaka inaniumiza vidole. Kazi ilikuwa kutoa mkono tu. Nyawira amesimama mlangoni, hapepesi macho. Majirani wakasogea wanisikie.

"Nimekusamehe," nikasema.

Kyule aliinamisha kichwa. Akafunga boneti taratibu, akapangusa alama za vidole vyake kwa shati lake.

"Asante, mzee," akasema.