Chakula Tulichomsimulia Baba

Baba yangu, mzee Khue, alikuwa na pua iliyojulikana Phan Thiet nzima, mji wetu wa pwani ya Vietnam. Tulikuwa na karakana ya sosi ya dagaa, yenye mapipa ya mbao marefu kuliko mtu, na ndani yake dagaa na chumvi vilikaa mwaka na zaidi mpaka vikatoa maji mekundu kama chai. Baba hakuwa na haja ya kuonja. Alifunua mfuniko, akainama, akavuta pumzi moja, kisha akasema, "Hili bado," au, "Hili tayari, leteni ndoo." Mimi na kaka yangu Thoai tulikwenda shule tukinuka dagaa, wala hatukujua kwamba tunanuka mpaka tulipohamia Saigon.

Kisha korona ikampitia. Kifua kikapona, nguvu zikarudi, lakini pua haikusikia tena harufu, na ladha nayo ikaenda zake. Daktari alisema asubiri. Akasubiri miaka mitatu. Mapipa akamwachia binamu yake, asikanyage tena pale hata kusalimia.

Kilichomuuma Mama hayakuwa mapipa. Mama alikuwa na samaki wake wa chungu, anayempika taratibu kwa sukari iliyoungua na pilipili manga mpaka mchuzi unakuwa mzito kama asali. Tangu tukiwa wadogo, Baba ndiye aliyesimama nyuma yake na kijiko mkononi. "Lete nionje." "Ngoja kwanza." "Lete, bwana!" Sasa alichukua bakuli lake akaenda kula mbele ya televisheni. Siku moja Mama alimuuliza chakula kikoje, akajibu, "Kama kutafuna karatasi iliyoloa." Hakukusudia ubaya. Lakini kuanzia siku hiyo chungu kikawekwa juu ya kabati, na Mama akawa ananunua chakula sokoni na kukitenga mezani kikiwa bado ndani ya mfuko.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nitawapeleka kwenye mgahawa wa kifahari hapa Saigon, kusherehekea miaka arobaini ya ndoa yao, Thoai alinipigia simu papo hapo.

"Quyen, una akili kweli? Unampeleka Baba kwa mabingwa wa ladha? Si umpeleke na kiziwi kwenye muziki!"

"Mpishi wa pale anachezea milio, na baridi na moto," nikamwambia. "Nimekwenda kumwona. Nimemweleza habari za Baba."

"Akasemaje?"

"Akasema, mleteni."

Mgahawa ulikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, juu ya duka la vitambaa. Mama alivaa gauni lake refu la hariri ya zambarau. Baba alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikaa, akaitazama meza.

"Meza kubwa hivi, visahani kama vifuniko vya chupa," akasema. "Hawa watu wanaogopa nini?"

"Wanaogopa tutashiba, Baba," Thoai akajibu.

Mama hakucheka. Njia nzima kutoka Phan Thiet, muda wa saa nne ndani ya basi, yeye na Baba walikuwa hawajasemeshana zaidi ya "sogea" na "funga dirisha."

Chakula cha kwanza kilikuwa mkate wa mchele, mwembamba kama karatasi, mweusi kwa ufuta. Mhudumu akatuomba tuzibe masikio kwa viganja, kisha tutafune.

"Mimi?" Mama akasema. "Na nywele hizi nimetoka nazo saluni?"

Baba alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayeshuku kwamba anachezewa. Kisha akautia mkate mdomoni, akaziba masikio, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole.

"Luu," akasema. Ilikuwa zamani sana tangu nimsikie akimwita Mama kwa jina. "Ziba masikio usikie. Ni mlio wa ile chumvi. Ile iliyokuwa ikimwagika uani kwa baba yako, tukiikanyaga."

Mama akaviinua viganja vyake taratibu, akaziba masikio juu ya nywele za saluni. Akatafuna. Nikaona uso wake unalegea.

Karakana ilikuwa ya babu, hilo tulilijua. Tulijua pia kwamba Baba aliingia pale akiwa kibarua wa kubeba magunia. Tusilolijua ni hili alilolisema Mama sasa, akiitazama sahani tupu:

"Nilikuwa jikoni nikisikia hatua juu ya chumvi, najua ni wewe unapita. Wenzako walikanyaga kama ng'ombe."

"Na Baba je?" Thoai akauliza.

"Kama ng'ombe mwenye haya."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Akamwomba mhudumu amwongezee mkate, na mhudumu, ambaye nadhani hakuwa na ruhusa ya kuongeza, akaongeza.

Ukaja mchuzi wa kaa ndani ya bakuli, upande mmoja wa moto, upande mwingine wa baridi kabisa, na pilipili iliyomtoa Baba jasho. "Huu nausikia!" akasema, akijifuta kipaji cha uso. "Siujui jina, lakini nausikia." Nikamtazama Thoai kwa kiburi.

Kiburi changu hakikudumu. Mhudumu alileta nanasi la kuchoma, na juu yake theluji ya rangi ya kahawia. Mama alionja, akamtazama Baba. Thoai akaonja, akanitolea macho. Nami nilipoonja nikaelewa. Ilikuwa sosi ya dagaa, iliyogandishwa ikasagwa.

"Nini?" Baba akauliza. "Mbona mmekuwa hivyo?"

Mama akasema, "Sosi ya dagaa."

Baba akaweka kijiko chini. Akaitazama theluji ikianza kuyeyuka. "Nzuri?"

"Ina chumvi ya wastani," Thoai akaanza, "halafu utamu fulani unaokuja kwa mbali—"

"Thoai, acha, unaongea kama tangazo la redio," Mama akamkatiza. Akavuta kiti chake karibu na Baba mpaka mabega yakagusana. "Nisikilize, Baba Thoai. Unakumbuka asubuhi ile baada ya kimbunga? Paa limeng'oka. Umepanda ngazi kwenye pipa la mwisho kuangalia kama mvua imeingia, mimi niko chini, huyu Thoai mgongoni analia. Ukafunua mfuniko. Harufu ikashuka mpaka pale niliposimama. Ukacheka tu peke yako huko juu. Basi, ladha yake ni hiyo."

Baba akafumba macho. Akachota, akaiacha ile theluji iyeyukie mdomoni muda mrefu.

"Basi ni ya pipa zuri," akasema. "Na ni yetu, ya Phan Thiet. Hapo hamnidanganyi."

Mpishi alikuja mezani baadaye kutupongeza. Alikuwa mwanamke mfupi, jina lake Yen, mwenye alama za kuungua mikononi. Baba akamkaribisha kama vile mgahawa ni wake.

"Binti yangu, sosi hii umeichukua kwa nani kule Phan Thiet?"

Yen akasita. Akanitazama mimi, akamtazama Baba. "Ni ya Phu Quoc, mzee."

Phu Quoc ndicho kisiwa kinachoshindana na Phan Thiet kwa sosi tangu enzi za babu. Thoai ndiye aliyeanza kucheka.

"Mama wee!" Mama akashika mdomo. "Miaka arobaini nalala na mtu wa Phan Thiet, leo nasifia sosi ya Phu Quoc mbele ya watu!"

Baba alicheka akipiga meza, machozi yakimtoka, na yakaendelea kumtoka hata kicheko kilipokwisha. Mama akachukua kitambaa akamfuta. Baba akasema kwa sauti ya chini, lakini tulimsikia:

"Sikuwa nakikataa chakula chako, Luu. Ulikuwa ukiketi mbele yangu ukisubiri niseme neno, nami sina neno. Ndiyo maana nikakimbilia televisheni."

"Si ungesema tu."

"Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema."

Yen alikuwa ameshaondoka kimyakimya. Mimi na Thoai tukajifanya tunashughulika na nanasi.

Pua ya Baba haijapona, na daktari wa pili anasema huenda isipone. Lakini Tet iliyofuata, yaani mwaka mpya wetu, nilipokwenda nyumbani, nilisikia kelele kutoka jikoni kabla sijavua viatu.

"Umezidisha chumvi," Baba alikuwa akisema.

"Wewe umejuaje?"

"Nimeuona uso wako ulipoonja."

"Basi nyamaza, niongeze maji. Na hicho kijiko kiweke chini, unanizuia njia."

"Kwanza niambie chakula kikoje."

Nikakaa kizingitini, begi langu mapajani, nikimsikiliza Mama akitafuta pa kuanzia.