Utulivu wa Apolinaria

Tangu afiwe na mumewe, Dafrosa ndiye aliyeongoza rozari misibani katika jumuiya yao ya Mtendeni. Mpaka msiba wa mzee Ngollo. Siku hiyo moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akapotea katikati ya matendo ya uchungu. Apolinaria, mjane mwenzake, akadakia pale pale, sauti imetulia kama maji ya mtungini. Kuanzia hapo akawa anaitwa yeye.

Wivu ukamla Dafrosa. Walifiwa na waume zao mwaka ule ule. Mbona mwenzake analala na kunenepa? Akaanza novena ya siri, sala ya siku tisa: Mungu amtetemeshe Apolinaria naye, japo kidogo, mbele za watu.

Akazidi kutetemeka yeye. Hata honi ya bodaboda ilimrusha. Mwisho akapanda bajaji kwenda zahanati, kwa tabibu Flavia.

"Nimepungukiwa imani, mwanangu."

"Imani unayo, mama. Tatizo ni ubongo. Mtu akishtuka, ubongo unauambia mwili umwage kemikali za kumwezesha kukimbia. Hatari ikipita, zinakatika. Kwako bomba limegoma kufunga tangu msiba wa mzee Ngollo."

"Na la yule mwingine, nani kalifunga?"

"Yupi?"

Mlango ukafunguliwa. Apolinaria akachungulia, kikopo kitupu mkononi. "Flavia, vidonge vyangu vime..." Akamwona Dafrosa.

"Kumbe!" Dafrosa akaruka. "Tangu lini?"

"Tangu arobaini ya marehemu mume wangu. Nilikuwa nalala uvunguni kwa hofu, dada."

"Ukaniacha nitetemeke, wewe ukipanda cheo!"

"Ningekuambia, si ungetangaza jumuiya nzima?"

Dafrosa akajifunga upya kanga. Angetangaza kweli.

Flavia akampa Dafrosa naye vidonge, akamwonya kwamba nafuu itachukua majuma kadhaa.

Msiba haukusubiri. Jumapili mwenyekiti wa jumuiya akamwita Apolinaria aongoze. Naye akajisogeza mkekani. "Aanze Dafrosa. Mimi niko hapa."

Dafrosa akaanza. Punje za rozari ziligongana vidoleni. Alipokwama, Apolinaria alimnong'oneza, naye Dafrosa akaendelea, akafika mwisho. Wafiwa wakamshika mkono.

Wakarudi pamoja kwa miguu.

"Vidonge vyako vikoje?" Dafrosa akauliza.

"Vyeupe. Nusu asubuhi."

"Nusu tu?" Yeye alikuwa ameandikiwa kizima. Akakaza mwendo, roho ikimuuma upya.