Jiwe la Katikati

Haya kayasimulia Ghalia mwenyewe, huko Ibra, Uarabuni, msimu wa tende mwaka 1998, mikono inatoa kokwa na mdomo haupumziki.

Mumewe, Harub, alikuwa akiandika daftari la ukoo, nani kamzaa nani na kazikwa wapi, lipelekwe kuchapishwa Jumamosi. Badria, binti wa marehemu kaka yake Harub kwa baba, alilisoma mara mbili. Bibi yake Kalunde, Mnyamwezi aliyemzaa baba yake, hakumwona.

"Shikamoo, ami. Bibi Kalunde yuko wapi?"

"Marahaba. Yule alirudi kwao Tabora, akafia huko. Mimi naandika waliozikwa hapa."

Baada ya alasiri Badria akenda makaburini. Makaburi ya huko hayaandikwi jina: la mwanamme mawe mawili, la mwanamke matatu. Daftari lilimpa babu yake Himid, mumewe Kalunde, wake wawili. Ubavuni pa kaburi la babu Badria alihesabu makaburi matatu ya mawe matatu. Akaketi kwenye lile la pembeni, akamwombea bibi yake, akaondoka.

Jiwe la katikati la kaburi lile likamfuata. Lilivuka falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, likasubiri gari ya maji ipite, likaingia barzani na vumbi lake. Ghalia akalitandikia mkeka.

"Mgeni wako huyo," akamwambia mumewe. "Na usiseme katoka Tabora, maana hata hakuchoka."

Harub akalimiminia kahawa, kama mgeni yeyote. Hakulitazama.

"Mwandike, ami. Mstari mmoja tu."

"Nikimwandika wataniuliza kabila lake. Wajukuu zangu wanaposwa, mwanangu."

"Na mimi mjukuu wa nani?"

Harub akamaliza kikombe chake, akakitikisa kuwa kahawa yatosha.

Ijumaa, baada ya sala, alikwenda makaburini na daftari kwapani. Akahesabu polepole, kwa kidole, asije akadhulumu mtu. Makaburi ya mawe matatu aliyaona mawili. La pembeni lilikuwa na mawe mawili.

"Hilo la mwanamme," akasema aliporudi. "Daftari liko sawasawa."

Badria akalibeba jiwe mbio, akalipachika kaburini pale pale, akalishindilia udongo, akalisihi, "Kaa, bibi, kaa wakuone." Lilifika nyumbani kabla yake.

Jumamosi daftari likenda.

Jioni ile Harub alilala mapema, Ghalia akafuata. Badria akajilaumu sana kwa kwenda makaburini; asingekwenda, kaburi lingebaki na mawe yake matatu. Kisha akalipangusa jiwe vumbi, akaligawia nusu ya shuka, akalala.