Nzuri, Ila

Mtu wa kwetu hata awe anazama, ukimuuliza habari atakujibu nzuri kwanza, ndipo ayaseme ya maji. Muuguzi Filomena alilelewa hivyo, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Wataalamu wa ng'ambo walikileta kitanda cha joto cha watoto njiti kwenye kituo chao cha afya, Mbagala, wakakifunga kwa lakiri. Fundi wa hapa asikiguse, la sivyo mkataba umekwisha. Kila Ijumaa simu ingepigwa, sauti iliyorekodiwa iulize, na kompyuta ya huko kwao ipokee neno la kwanza la jibu. Ukiipigia wewe, haipokelewi.

Ijumaa iliyopita kitanda kilikuwa kimezima.

"Habari za mashine?" sauti iliuliza.

"Nzuri, ila haiwaki tangu..."

"Asante. Tutapiga tena Ijumaa ijayo."

Filomena aliiweka simu chini. Alimwomba mganga mfawidhi, Daktari Adelard, wamwite fundi Twalib.

"Sista, tukikifungua hawatuletei tena hata bomba la sindano," Adelard alisema, bila kumtazama.

Jana mama mmoja, Yasmini, akajifungua binti hapo kituoni kabla ya siku zake, akavuja damu, akakimbizwa hospitali kubwa. Huko vitanda vya joto vimejaa, kwa hiyo mtoto amebaki kifuani kwa bibi yake, chini ya kanga mbili, anadokoa pumzi kidogo kidogo. Kifua cha bibi kizee nacho kina joto gani?

Leo Ijumaa. Filomena alishinda akilifanyia mazoezi neno moja: mbaya. Simu ilipoita aliidaka.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti. Wataalamu walikuwa wameiongezea heshima.

"Marahaba," ulimi ukamtangulia.

"Asante. Tutapiga tena Ijumaa ijayo."

"Mbaya! Nasema mbaya!" Simu ilikwishakatika. Kuikasirikia simu ni kumpigia mbuzi gitaa. Alijiona bure kabisa, yeye na miaka yake yote ya uuguzi.

Alirudi wodini. Vidole vya mguu vya mtoto vilichungulia kwenye kanga, vimeanza kuwa vya bluu. Bibi aliinua uso wake wenye matumaini.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nzuri," Filomena akajibu, na ile "ila" ikamkwama kooni.