Lita Ishirini Zilizopotea

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu Musyimi anajua, majirani wanajua, hata mchungaji anajua maana ameshaniita ofisini mara mbili. Lakini ile wiki ya jedwali la maji, mdomo wangu uliniaibisha mpaka leo nikikumbuka nainamisha kichwa hata nikiwa peke yangu.

Ilianza Jumatatu. Mutanu, binti yetu wa Gredi ya Nne, alirudi kutoka shule na karatasi. Siku hizi kila wiki ni karatasi. Wiki moja mzazi anatakiwa atengeneze mwanasesere wa mabua, wiki nyingine apande mboga ya sukuma kwenye gunia na apigwe picha akitabasamu. Nikamuuliza kama anayesoma ni yeye au ni mimi. Akainyoosha karatasi mezani. Mwalimu Mulei alikuwa amechora jedwali: Baba, Mama, Watoto, Mifugo. Jumanne hadi Jumamosi familia ipime maji yanayoingia nyumbani, iandike nani ametumia lita ngapi na kwa kazi gani. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya baba. Jumapili kabla ya saa nane, picha ya karatasi iwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

"Mama, susu hayuko hapa," Mutanu akasema.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Alimaanisha mama yangu mzazi, Kaluki.

"Fuata karatasi ya mwalimu," nikamwambia. "Susu ni mgeni."

Mgeni wa miezi mitano. Mama alikuja kwetu huku Makueni, upande wa mji wa Wote, kutoka kwake Zombe, kiangazi kilipokaza na kisima chao kikakauka. Hana mtoto mwingine ila mimi. Sasa, mama mkwe kukaa boma moja na mkwewe, kwetu si jambo dogo. Kuna nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Hawali pamoja, hawashikani hata mkono, na kila mmoja anajichunga asionekane na mwenzake katika hali ya aibu. Musyimi alimjengea mama chumba chake pembeni. Akirudi na pikipiki yake ya bodaboda anapiga honi langoni ili mama apate nafasi ya kuingia ndani. Wakisalimiana ni kwa mbali, kila mmoja akiangalia chini. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa.

Maji yetu yanatoka kwenye kioski, kilomita mbili. Punda analeta mitungi minne kwa siku, lita themanini. Jumanne jioni Mutanu akajumlisha yaliyotumika, akapata sitini. Nikamwambia ajumlishe tena. Sitini. Jumatano, sitini. Mtoto alikuwa anapima kila kitu kwa mkebe wa lita moja, mpaka maji ya kusuuza vikombe. Nikamwambia kama si mkebe unaodanganya basi ni yeye.

"Sijadanganya, mama." Machozi yakaanza kumtoka, na mimi badala ya kunyamaza nikamwambia na hayo ayapime ayaandike.

Alhamisi nikahesabu mwenyewe. Ilikuwa kweli. Mtungi mmoja ulikuwa unaisha kila siku bila mtu kuuona ukiisha. "Basi zitafute hizo lita ishirini mpaka uzione," nikamwambia Mutanu, nikadhani nimemaliza maneno.

Mitungi naiweka nje, kando ya ua wa jirani. Jirani ni Wacuka, mwanamke aliyetoka Murang'a akafungua duka la nguo hapa sokoni. Mtoto wake anasoma darasa moja na Mutanu. Hakuwahi kunikosea. Lakini mlango wake unatazama mitungi yangu, na mimi nikishakasirika huwa sihitaji ushahidi mwingi.

Ijumaa asubuhi, kwenye foleni ya kioski, nikaongea bila kumtaja mtu. Nikasema kuna watu wametoka kwao kwenye mito, wakaja huku kwetu kwenye ukame, na bado wananyweshea kuku wao maji yaliyobebwa na punda wa wenyewe. Wanawake wakacheka, halafu wakatazamana. Wacuka alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Akafunga kifuniko cha mtungi wake, akaubeba, akaenda zake. Sikuona haya. Nilijiona nimeshinda.

Jumapili tulitoka kanisani saa saba na nusu. Simu ilikuwa inalia kila dakika, wazazi wakituma picha za karatasi zao. Mutanu akaleta yake. Nikaona imejaa namba, na chini ameongeza mstari wake mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nje ya mistari ya mwalimu. Sikuusoma. Nilikuwa na chakula jikoni na saa nane ilikuwa inakaribia. Nikapiga picha, nikatuma hata kabla ya sahihi, nikampa Mutanu karatasi ampelekee baba yake atie sahihi.

Musyimi ndiye katibu wa kanisa. Hajui kusoma kimya. Kitu chochote akikishika anakisoma kama matangazo ya Jumapili. Alikuwa ameketi kivulini nyuma ya nyumba, akaanza: "Baba, kuoga, lita tano. Mama, kupika, lita kumi." Mimi nilikuwa jikoni, nacheka. Akaendelea: "Susu, kunywa, lita nane. Susu, kufua shuka na blanketi kila asubuhi kwa sababu zimelowa kitandani, lita kumi na mbili. Jumla..."

Sauti ikakatika hapo. Jumla ilikuwa themanini.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Musyimi alikuwa ameilaza karatasi kwenye magoti, anaitazama ardhi. Hatua kumi kutoka alipoketi, mlango wa mama ulikuwa wazi. Mwanamume alikuwa ametangaza, mama mkwe wake akisikia, kwamba mama mkwe wake anakojoa kitandani. Sijui nikuelezeje uzito wa jambo hilo kama hukulelewa kwetu. 

"Nani alikwambia uandike haya?" nikamuuliza Mutanu.

"Uliniambia nizitafute," akasema. "Nimezitafuta."

Alikuwa ameamka mapema Jumamosi akamfuata susu yake, akapima alichokunywa na alichofulia. Mama alikuwa anachukua mtungi kabla sisi hatujaamka, anafulia kwenye mawe chini ya shamba, anaanika vichakani, mkwewe asije akaona. Alikuwa anafanya hivyo kwa wiki sita.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anafunga nguo zake kwenye leso, na hakunitazama.

"Kesho narudi Zombe," akasema.

"Mama, kwako hakuna maji."

"Afadhali kiu, Nduku. Hapa sina uso tena."

Ndipo nikaona alivyokonda. Bangili yake ya shaba ilikuwa imepanda mpaka karibu na kiwiko ili isimtoke. Kila siku nilikuwa namwekea uji mlangoni nikakimbilia kazi zangu, na sikuwahi kumtazama vizuri. Aliyemtazama ni mtoto aliyepewa karatasi na mwalimu. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Nikasikia hodi. Wacuka alikuwa langoni, simu mkononi. Nikajua amekuja kunilipa yale ya kioski, na nikaamua nitamwacha aseme yote. Hakunisalimu.

"Nani hapa anakunywa lita nane kwa siku?"

Akaninyooshea simu.

"Nimeona karatasi ya Mutanu kwenye kikundi. Mama yangu alikunywa hivyo, akakojoa hivyo, akakonda. Sisi tukasema ni joto. Kumbe ni sukari, na tuliambiwa siku aliyokufa. Huyu wenu yuko wapi?" Alipokuwa ananipita akaongeza, bila hasira, "Na maji yako sijawahi kuyagusa."

 Nikamfuata nyuma ndani ya boma langu mwenyewe.

Tulimkuta mama ameketi sakafuni karibu na mzigo wake, kichwa kimeegemea kitanda. Nilimwita, akafungua macho, akaniita jina la dada yake aliyekufa zamani. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wacuka akamshika mkono, akasema, "Hospitali. Si kesho, sasa hivi."

Jumapili mchana kwetu hakuna gari. Magari yote yako Wote mpaka jioni. Kulikuwa na pikipiki moja tu, ya Musyimi. Mama aliposikia tukiitaja akili zikamrudia.

"Siwezi kushika mgongo wa mkwe wangu," akasema. "Nife na heshima yangu iliyobaki."

Hakuwa anatania. Nikamsihi, nikalia, nikamtishia kwa jina la Mungu. Mdomo wangu wote haukunisaidia kitu. Macho yake yakaanza kujifumba tena.

Musyimi alikuwa amesimama nje, amegeukia shamba kama inavyompasa. Miaka kumi na miwili ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akikaribia mlango wowote wa mama yangu. Akavua kofia, akainama, akaingia.

Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi mwenyewe nilipigwa na butwaa, nikataka kumwambia atoke, na mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Alipiga magoti akampa mama mgongo, namna mtoto anavyopewa mgongo abebwe.

"Mama," akasema, "ile karatasi nimeisoma mimi, na mtaa mzima umesikia. Nthoni nimeshaivunja mimi, si wewe. Hakuna iliyobaki ya kuchunga. Panda."

 Wacuka aliangalia ukutani. Kisha mkono wa mama ukatoka chini ya leso, ule wa bangili, ukawekwa kwenye bega la Musyimi.

Tulienda watatu. Musyimi mbele, mama katikati amefungwa kwake kwa leso, mimi nyuma nimewakumbatia wote wawili. Watu wa sokoni walisimama kutuangalia, na mzee mmoja wa kanisa letu alishika kichwa. Musyimi hakupunguza mwendo. Hospitalini walimtoboa mama kidole na mashine ya sukari ikasema ishirini na tisa, na ya mtu mwenye afya haifiki hata kumi. Daktari akatuuliza tulikuwa tunangoja nini. Nilipomweleza safari ya kesho, akasema mtu wa namna hiyo akiwekwa kwenye gari la kwenda Zombe asubuhi, anafika akiwa maiti.

Mama alilazwa siku tisa. Siku ya tatu nilienda kwenye foleni ya kioski, mbele ya wanawake walewale, nikamtaja Wacuka kwa jina, nikajitaja na mimi kwa jina, nikasema nilimsingizia na kwamba amemwokoa mama yangu. Wacuka mwenyewe alikuwa nyuma yangu kwenye foleni.

"Nimesikia," akasema. "Sasa songa mbele, watu wanangoja maji."

Wiki aliyorudi mama, Mutanu akaja na karatasi tena. Mwalimu Mulei alitaka wapime wiki ya pili walinganishe na ile ya kwanza. Jedwali lilikuwa lilelile: Baba, Mama, Watoto, Mifugo. Kabla sijasema kitu Musyimi akachukua rula, akachora mstari wa tano kwa wino wake mwenyewe, akaandika Susu. Kisha akabeba kiti, akakiweka nje karibu na chumba cha mama, lakini akageuza uso upande wa lango.

"Mama," akauliza, kwa ile sauti yake ya matangazo, "leo umekunywa lita ngapi?"

Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, sikuweza kukoroga. Katika maisha yangu sikuwahi kusikia mkwe akimuuliza mama mkwe swali kama hilo. 

"Mbili, mwanangu," mama akajibu kutoka ndani. Halafu, polepole, "Na blanketi zimeamka kavu. Andika na hilo."

Musyimi akaandika.